Spreyi ya Kalibu: Kusubu Jigi za Risasi Zitoke Safi Bila Kukwama

Kalibu yangu ya kwanza ya jigi, kile kifaa cha alumini cha kusubia vichwa vya madini ya risasi juu ya ndoana, ina kovu. Ni mkwaruzo wa urefu wa punje ya mchele, kwenye ukingo wa tundu la gramu 14, na niliuweka mimi mwenyewe kwa bisibisi siku nilipokuwa nabandua kichwa cha risasi kilichogoma kutoka. Tangu siku hiyo kila jigi inayotoka kwenye tundu lile ina kinundu pale pale, na kila moja hunasa kidogo kabla ya kuachia. Nimepuliza spreyi ya kuzuia risasi isishike hapo mara nyingi. Kinundu kipo, kwa sababu spreyi haifukii mkwaruzo.

Naanza na hilo kwa sababu swali ninaloulizwa zaidi na wavuvi wanaoanza kusubu ni spreyi ipi wanunue. Spreyi ni kitu kizuri, na mimi siachi kuitumia. Lakini risasi iliyoyeyuka haishikamani na alumini jinsi lehemu inavyoshika shaba. Alumini imejifunika kwa utando wake wa oksidi, na risasi huteleza juu yake. Ukiona imekwama, jua imeshikwa na kitu: mkwaruzo, kinyweleo (kijincha cha chuma kilichochomoza) kilichobaki kutoka kiwandani, mafuta yaliyoungua, au risasi nyembamba iliyopenya katikati ya pande mbili ambazo hazikufungana sawasawa. Kazi kubwa basi ni usafi na joto. Spreyi huja baada ya hapo, tena nyembamba.

Kwa asiyezijua, jigi ni ndoana iliyopinda shingoni, yenye kichwa cha risasi kilichomiminwa juu ya mpindo huo. Nyuma ya kichwa hufungwa manyoya ya kuku, nywele za mbuzi au mkia wa mpira. Hushuka haraka, na ukiivuta kwa mishtuko inaruka kama samaki mdogo aliyejeruhiwa. Kolekole na chewa huifuata. Wengi wetu huku pwani tulianza na chubwi, kile kipande cha risasi cha kuzamishia mshipi, kwa kopo la maziwa na shimo kwenye mchanga mkavu. Jigi inadai ufundi zaidi, maana ndani yake kuna ndoana inayopaswa kukaa katikati bila kuyumba, na kichwa chake kina macho na pembe ndogo ambazo risasi lazima izijaze kabla haijaganda.

Kabla hujawasha moto

Risasi ni sumu, na Mombasa inalijua hilo kwa uchungu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliacha risasi ndani ya damu za watoto na mama zao. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano baada ya mtoto wake mwenyewe kuugua, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na mimba.

Kwa hiyo betri ya gari haimo katika mwongozo huu. Usiivunje, usiichome, hata ukipewa bure. Ndani yake mna tindikali, unga wa risasi unaopeperuka, na madini mengine ambayo taka zake zikipata unyevu zinaweza kutoa gesi za kuua.

Ukiwa na risasi safi, hatari kubwa zaidi si moshi bali mikono. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi na huchemka kwenye nyuzi 1,749. Ukiiweka chini ya nyuzi 425 mvuke wake ni kidogo. Vumbi lake ndilo linalokwenda nyumbani: kwenye vidole, kwenye kanga uliyofutia jasho, kwenye viatu. Fanya kazi nje, upepo ukutoke mgongoni, mbali na mahali watoto wanapocheza. Mjamzito asikaribie. Usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini. Ukimaliza, nawa kwa sabuni na maji baridi hadi kwenye viwiko, na nguo zifuliwe peke yake. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi; ufagio unarusha vumbi hewani. Sufuria na upawa vilivyogusa risasi havirudi jikoni, hata vikisuguliwa vikang'aa.

Kisha kuna maji. Tone likiingia chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kutanuka takriban mara 1,600, na risasi yote iliyo juu yake inaruka. Niliwahi kutia chubwi la kuokota ufukweni ndani ya chungu kilichokwisha kuyeyuka. Kwa nje lilikuwa kavu kabisa, lakini kwenye tundu lake la kamba mlibaki maji ya chumvi. Risasi ilipanda juu kama chemchemi na kuganda kwenye mkono wa shati langu. Nilikuwa nimevaa miwani ya kinga, nashukuru. Tangu hapo risasi ya kuokota naiweka kwenye chungu kikiwa baridi, ndipo nawasha moto, ili unyevu utoke polepole kabla risasi haijalainika. Ukiwa umekwisha kuyeyusha na unataka kuongeza, vipande vipya vikae kwanza ukingoni mwa chungu vipate moto. Mvua ikianza kunyesha, zima na uondoke.

Vaa miwani, glovu za ngozi, suruali ndefu inayofunika mdomo wa kiatu, na viatu vilivyoziba. Si ndara. Tone la risasi likiingia kati ya kidole na ukanda wa ndara halina pa kutokea.

Risasi yenyewe

Jigi hutaka risasi laini. Mabomba ya zamani, mabamba ya paa, chubwi kuukuu na vifuniko vya nyaya za zamani mara nyingi ni risasi karibu tupu. Vipande vya kubalansi magurudumu kwa mafundi wa tairi vina madini ya antimoni kiasi, kwa hiyo ni vigumu zaidi. Vinafaa, ila vichwa vitatoka vyepesi kidogo kuliko namba iliyochongwa kwenye kalibu.

Vichambue kimoja kimoja. Siku hizi vingi ni vya zinki au chuma, vyenye herufi Zn au Fe. Vya risasi huwa na Pb, au havina alama. Kibane kwa koleo la kukatia: risasi hukatika kama sabuni ngumu, zinki hukataa na ikianguka sakafuni hulia kengele. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, kwa hiyo ukiweka chungu kwenye nyuzi 360 au 370, kipande cha zinki kilichokuponyoka kitaelea juu na utakitoa kwa upawa. Ukikichelewesha kikayeyuka, chungu kizima kinakuwa kizito kama uji uliolala, na hakuna spreyi itakayofanya uji huo ujaze jicho la samaki.

Risasi ikiyeyuka, tupia kipande cha nta cha ukubwa wa harage na ukoroge kwa kijiti kikavu ukikwaruza pande za chungu. Nta itatoa moshi na huenda ikawaka, usiinamie. Taka zitapanda juu kama majivu. Zichote, uziweke kwenye kopo lenye kifuniko, uandike juu yake kwamba ni sumu. Utakaporudia hadi uso ung'ae kama kioo, umemaliza.

Kipimajoto kinafaa kuliko kubahatisha. Jiko la makaa linayeyusha, nimelitumia miaka, ila kulishikilia kwenye joto moja ni kazi. Jiko la gesi ni afadhali, na chungu cha umeme chenye kirekebisha joto ni bora kuliko yote. Kwa jigi nalenga nyuzi 380 hadi 400. Kilo 5 za risasi hazijazi hata nusu lita, lakini zinatoa jigi zaidi ya 170 za gramu 28, basi huna haja ya chungu kikubwa.

Kuiandaa kalibu

Kalibu nyingi nzuri za alumini zinatoka Marekani. Jina linalotajwa zaidi ni Do-It, la mji wa Denison katika jimbo la Iowa. Ni pande mbili zenye bawaba na mipini, matundu yenye umbo la kichwa, mfereji wa kulaza ndoana, na mdomo wa kumiminia juu. Ikiwa mpya ina mafuta ya kiwandani ambayo huyaoni. Ioshe kwa maji moto, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, kila tundu na kila mfereji. Suuza, futa, kisha pitisha spiriti au asetoni kwa kitambaa cha pamba. Mwisho iweke mahali pa moto hadi iwe ya kuunguza kidole, unyevu wote utoke. Wengi huiruka hatua hii wakaenda moja kwa moja kwenye spreyi. Spreyi juu ya mafuta haikai. Inababuka na risasi ya kwanza, vipande vyake vinaingia kwenye kichwa cha jigi, na mtu analaumu kopo.

Kisha itazame kwenye jua. Pitisha kijiti cha meno ukingoni mwa kila tundu. Kikinasa, pana kinyweleo. Kisugue kwa msasa laini sana, namba 1000 au zaidi, taratibu, ukilenga kile kinyweleo tu. Usiguse uso bapa unaokutanisha pande mbili. Ukiukwaruza huo, risasi itapenya hapo daima.

Sasa laza ndoana, funga kalibu, uinue kuelekea mwanga. Usione mwanga katikati ya pande mbili. Ukiuona, ndoana ni nene kuliko mfereji au umeilaza vibaya, na utapata mapezi: zile ngozi nyembamba za risasi zinazotoka pembeni ya kichwa. Mapezi hung'ang'ania kalibu kuliko kitu chochote, na watu huyadhania kuwa ni ukosefu wa spreyi. Tumia aina na namba ya ndoana iliyotajwa na mtengenezaji wa kalibu. Nimeona kalibu nzuri zikitupwa kwa sababu mwenyewe alilazimisha ndoana alizokuwa nazo.

Kupuliza

Spreyi nyingi za kazi hii zina grafiti, ile kaboni nyeusi iliyomo kwenye risasi ya penseli, ndani ya kiyeyusho kinachokauka haraka. Zilitengenezwa hasa kwa wanaosubu risasi za bunduki (lugha yetu imeviita vitu viwili kwa jina moja), na wenye jigi wakazichukua. Zina kazi mbili. Ya kwanza ni kuteleza. Ya pili watu wengi hawaijui, na kwangu ndiyo yenye thamani: ule utando mkavu unaipunguzia alumini kasi ya kunyonya joto, na uso wake una chembechembe ambazo kati yake hewa hupata njia ya kutoka. Risasi inabaki majimaji kwa nukta (sekunde) moja zaidi, na nukta hiyo moja inatosha kufika mwisho wa pembe ndogo au kona ya jicho.

Puliza kalibu ikiwa baridi na kavu, kabla ya kuwasha moto wowote. Kiyeyusho na gesi inayosukuma spreyi huwaka. Kupuliza karibu na jiko lililowashwa ni kutengeneza mwenge wa moto mkononi. Makopo mengine yanaruhusu kalibu yenye uvuguvugu, kwa hiyo soma maelezo ya kopo lako, lakini moto uwe umezimwa na uko mbali.

Tikisa kopo kwa dakika nzima, goroli ndani ilie. Grafiti hutuama chini, na asiyetikisa hupuliza kiyeyusho kitupu leo, kesho akapuliza matope. Fungua kalibu wazi, ilaze juu ya gazeti. Shika kopo kama sentimita 25 hivi kutoka kwake. Anza kubonyeza nje ya kalibu, pita juu yake kwa mwendo mmoja bila kusimama, achia ukiwa umetoka upande wa pili. Pita mara moja tu. Alumini inapaswa kugeuka kijivu, uweze bado kuona mng'ao wake kwa chini. Ikishakuwa nyeusi kama lami, au ukiona tone linatiririka kwenye tundu, umezidisha: futa kwa asetoni, anza upya.

Iache ikauke dakika 5. Geuza kalibu upande mwingine, maana tundu lina kuta, na mpulizo wa upande mmoja huacha ukuta mmoja mtupu. Pita tena mara moja, ikauke tena. Mipulizo miwili, basi.

Usisahau mdomo wa kumiminia. Mkia wa risasi unaoganda pale ndio unaoshika kwanza, na ukishika unavuta kichwa chote. Kama unasubu pia chubwi zenye tundu katikati, ile sindano inayochomolewa ipulizie vizuri kuliko matundu, maana risasi hunywea ikipoa na kuikaba. Ndoana usiipulizie kabisa. Unataka risasi iikamate. Ndoana yenye grafiti inaweza kuzunguka ndani ya kichwa samaki akivuta.

Halafu fanya jambo ambalo sijaona likiandikwa kwenye kopo lolote: kunja kitambaa cha pamba kwenye kidole, ufute nyuso bapa za pande zote mbili, uache utando ndani ya matundu, mdomoni na kwenye mifereji ya ndoana tu. Tabaka za grafiti juu ya uso bapa, msimu baada ya msimu, huzuia pande mbili kukutana, nawe utarudi kwenye mapezi ukidhani unahitaji kupuliza zaidi.

Watu hujaribu vitu vingine. Mafuta ya kupikia na ya kulegeza nati huungua, yakatoa gesi, na kichwa kinatoka na mikunjo na vishimo kama ganda la embe lililonyauka. Silikoni huteleza vizuri, lakini masalia yake yakibaki juu ya jigi rangi haitashika. Mbadala ninaouheshimu ni masizi. Pitisha matundu juu ya ncha ya mwali wa koroboi, au kiberiti cha gesi, hadi yawe meusi. Masizi yawe makavu: ukigusa, kidole kitoke na vumbi, si mafuta. Kama ni mafuta, utambi ni mrefu mno, upunguze. Masizi hufanya kazi ileile ya grafiti, ila huisha haraka na lazima uyarudie kila unapoanza kusubu. Asiye na uwezo wa kuagiza kopo kutoka nje asijione amepungukiwa.

Kuipasha kalibu

Hapa ndipo kazi inapoharibika au kufaulu. Kalibu baridi inagandisha risasi njiani: kichwa kinatoka nusu, chenye mikunjo, hakina jicho. Anayeanza huona vichwa hivyo akapuliza spreyi. Hapana. Pasha.

Iweke kalibu iliyofungwa karibu na chungu, juu ya ukingo wake ikiwezekana, wakati risasi inayeyuka. Kisha mimina bila ndoana, matundu yote, fungua, rudisha vichwa chunguni, mimina tena. Mara 5, mara 8, wakati mwingine 10 kwa kalibu kubwa. Vichwa vitabadilika mbele ya macho yako: vya kwanza vina makunyanzi, vinavyofuata vinajaa, na hatimaye kila mstari wa jicho unaonekana mkali. Utaona pia mkia mdomoni unakaa majimaji nukta 2 au 3 kabla ya kuganda na kupoteza mng'ao. Hilo ndilo joto unalolitaka. Ukikaa majimaji zaidi ya nukta 8 au 10, kalibu imezidi moto. Iache wazi kidogo ipumue. Usiichovye kwenye maji kamwe.

Mipasho hii ina faida nyingine: inaichoma spreyi mpya ikatulia. Vichwa 2 au 3 vya mwanzo vinaweza kuwa na madoa ya kijivu. Ni kawaida, vyote vinarudi chunguni.

Kumimina na kufungua

Ndoana ziwe na joto. Zipange juu ya kalibu au karibu na chungu zipate moto kidogo. Laza ndoana, funga, bana mipini kwa nguvu sawa. Inamisha kalibu kidogo, risasi iingie kwa upande mmoja wa mdomo na hewa itoke upande wa pili. Mimina kwa mkondo mmoja usiokatika hadi mdomo ujae kidogo juu, kwa sababu risasi hunywea ikiganda na itanyonya kutoka hapo. Ukisita katikati, utaona mstari kwenye kichwa mahali mkondo ulipokatika. Anza na matundu madogo, wakati risasi ina moto zaidi.

Jigi ndogo za gramu 3 au 4 zikikataa kujaa ijapokuwa kalibu ina moto, ongeza bati kidogo kupitia waya wa lehemu. Bati asilimia 1 au 2 huifanya risasi itiririke vyema. Usizidishe: risasi yenye bati nyingi hung'ang'ania zaidi.

Subiri nukta 5 hadi 10. Fungua kwa mkono ulionyooka, bila kupinda mipini. Jigi zikibaki upande mmoja, geuza kalibu juu ya kitambaa kinene na ugonge bawaba kwa nyundo ya mti au mpini wa nyundo ya kawaida. Pigo fupi, la upole. Zisipotoka, funga kalibu uisubiri ipoe kidogo zaidi, risasi inywee, ugonge tena. Bado? Shika ndoana kwa koleo, uivute kuelekea ilikolazwa. Bisibisi ibaki sandukuni.

Jigi ikikwama, tazama ni wapi kabla ya kuirusha chunguni. Ikikwama tundu lilelile kila mara, pana kinyweleo au mkwaruzo pale. Ikikwama matundu yote, ndoana si yake au nyuso bapa zina uchafu. Ikikwama mdomoni tu, hukupuliza mdomo. Ikiwa zilikuwa zikitoka vizuri na baada ya vichwa mamia zimeanza kusita kidogokidogo, hapo ndipo utando umekwisha. Zima moto, iache kalibu ipoe kabisa, safisha kwa asetoni, kausha, puliza upya. Usipulize tabaka jipya juu ya la zamani.

Ukiona kidoa cha risasi kimeganda kwenye alumini, pasha kalibu na ukisugue kwa kijiti cha mti kilichochongwa. Mti haukwaruzi. Brashi ya waya inakwaruza.

Kumalizia kichwa

Kata mkia kwa koleo la kukatia ukiwa umeshika jigi ndani ya trei, mabaki yasitawanyike. Palipobaki kinundu sugua kwa tupa mara chache, polepole, na futa trei kwa kitambaa kibichi. Usitumie mashine ya kusaga. Inatoa vumbi laini la kuvuta puani.

Kama unapaka rangi, vichwa vina grafiti juu yake ingawa huioni. Vioshe kwa spiriti, uvikaushe, na usivishike tena kwa vidole vitupu. Ukiruka hapo rangi itang'oka na jino la kwanza la chewa. Rangi ya unga hushika kwa kupasha kichwa, kukizamisha na kukitoa haraka, kisha kuivisha ndani ya oveni kwa joto lililoandikwa kwenye chombo cha rangi. Oveni hiyo iwe ya kazi hii pekee.

Neno kwa walio ughaibuni: Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1987 uuzaji wa risasi nyingi za kuvulia, kuanzia gramu 0.06 hadi 28.35, kwa sababu mabata maji wakubwa walikuwa wakizimeza na kufa. Majimbo kadhaa ya Marekani, likiwemo New Hampshire, yana sheria za namna hiyo kwa ajili ya ndege wanaoishi maziwani. Tazama sheria ya unapovua. Bismuthi, madini yanayotumika badala ya risasi, huyeyuka kwenye nyuzi 271 na inamiminwa kwenye kalibu hizihizi, lakini yenyewe hutanuka inapoganda, kwa hiyo spreyi yake iwe kamili kila mahali na kalibu ifunguliwe mapema.

Kalibu ikipoa, ihifadhi ikiwa imefungwa, ndani ya mfuko wenye kipakiti cha kunyonya unyevu. Upepo wa bahari hula hata alumini, na vishimo vya chumvi hunasa risasi sawasawa na mkwaruzo. Usiipake mafuta ya kuhifadhia, ila kama uko tayari kuiosha yote tena. Kopo la spreyi lisimame kivulini, mbali na jiko na nje ya gari lililofungwa juani. Kabla ya kuliweka, ligeuze kichwa chini ubonyeze kidogo hadi itoke gesi tupu, ili grafiti isigande kwenye tundu la kupulizia.